Vitone Vinavyopanda

Mtafiti aliugeuza mchoro juu chini, akausogeza kwenye mwanga wa dirisha la ofisi, akaurudisha mezani. Vitone vilipanda vilevile.

Mstari wa chini ulionyesha mara alizokwenda kwa mama kila wiki. Wa pembeni, presha ya mama wiki hiyo, kama kaka yake alivyoipima na kumtumia kwa simu. Wiki alizokwenda mara nyingi, presha ilikuwa juu. Wiki ambazo hakwenda, ilitulia.

Mwenzake wa meza ya pili alichungulia. "Hao ni mbu wa mradi wetu?"

"Ni mimi na mama yangu."

"Basi unammaliza taratibu!"

Ulikuwa utani, lakini aliutazama mchoro upya. Kwani uongo? Kila akienda aliingia na moto: chumvi hii nani kaweka, dirisha mbona limefungwa, dawa umemeza? Hata mwenye damu baridi angepandwa na presha.

Akampigia kaka yake. "Nitakaa kidogo bila kuja."

"Mama atakuulizia."

"Mwambie nimebanwa na kazi. Ni kwa faida yake."

Tangu hapo akawa mtu wa kuketi na kusimama. Chai ilipoa mkononi. Simu ikilia, moyo ulimruka. Isipolia, aliitazama kama iliyomnunia.

Kipimo cha wiki ya kwanza kikaja. Alikiweka kwenye mchoro: hakuwa amekanyaga kwao hata mara moja, na kitone kilikuwa juu kuliko vyote. Wiki iliyofuata kikaja kingine, kikakipita hicho.

Alinyakua mkoba, akatoka bila kuaga mtu.

Nyumbani kwa mama hakupiga hodi. Alizungukia mlango wa uani, akaingia kwa kunyata asije akamshtua mgonjwa. Mama alikuwa jikoni, amempa mgongo, ameinamia sinki. Wifi yake, mke wa kaka yake, alisimama kando na glasi ya maji.

Mama alitema kidonge, kisha akafungulia bomba.

"Jamani mama, utakufa," wifi alinong'ona. "Mbona unajifanyia hivi?"

"Wewe nawe," mama akasema, akijifuta mdomo. "Nilipokuwa mzima, ulimwona huyo mwanangu akikanyaga hapa?"