Mlima Mlangoni

Siku ya arusi yao, Bwana Shomvi alihamia kwa mkewe Mwanamize na begi la nguo na picha kubwa ya rangi za mafuta aliyorithi kwa babu yake. Ilichorwa karne ya kumi na tisa: mlima wenye theluji, na chini yake bonde lililojaa ukungu.

Wageni waliisimamisha, wakailaza, wakaiinamisha. Haikupita mlangoni.

"Basi irudishwe," alisema Shomvi, huku akiipapasa fremu kama anayeaga mtu. "Nitazoea."

Mwanamize alimtazama, akaingia ndani, akatoka na sururu.

"Mwanamize! Nguo za arusi hizo!" alipiga kelele shangazi yake.

"Zitafuliwa, shangazi."

Akaupiga ukuta wa udongo kando ya mlango. Shomvi aliduwaa, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka, akavua koti na kuanza kubomoa kwa mikono. Wageni wakawasaidia huku wakipiga vigelegele.

Alasiri mlima uliingia ndani. Kupitia tundu lile akaingia pia mbuzi wa jirani, akasimama mbele ya picha, akainua kichwa kutazama kileleni.