Taa ya Shombo

Shombo, paka wa Bi Mwajabu, alivaa taa ndogo shingoni kama paka wote wa mjini. Akiwa na raha, iliwaka kijani. Akiingiwa na hofu, ilikuwa nyekundu. Na nyekundu ikidumu saa nzima, gari la manispaa lilikuja kumchukua, akatafutiwe nyumba nyingine.

Sasa, Bi Mwajabu na mumewe Shomari walikuwa wameishi miaka thelathini kwa kugombana, na hakuna aliyeona sababu ya kuacha. Lakini paka wao walimpenda. Basi wakajifunza kugombana kwa sauti ya kubembelezea mtoto.

"Mume wangu," Bi Mwajabu aliimba taratibu, huku akimkuna Shombo masikio, "ni mpumbavu gani aliyeacha mchuzi wazi, nzi wakaogelea?"

"Ni huyu mumeo, ua langu," Shomari akajibu, laini kama uji. "Lakini ulimi wako unawasha kuliko upupu."

Taa ikabaki kijani. Majirani wakasema, oneni mapenzi ya wazee! Wenyewe wakageukia ukutani, wakacheka mpaka machozi yakawatoka.

Jumapili moja Bi Mwajabu alipika wali wa nazi, akaupatia kwelikweli. Shomari akala, akaramba vidole, akamtazama mkewe machoni.

"Mke wangu," akasema kwa sauti ile ile tamu, "tangu nizaliwe sijapata kula chakula kama hiki."

Bi Mwajabu akaacha kutafuna. Akaitazama taa. Ilikuwa kijani kama kawaida, wala haikumwambia kama hizo zilikuwa sifa au matusi.