Utaratibu wa Getini

"Nani amekuita hapa?" Mkurugenzi aliuliza, kabla Daktari hajaiweka kompyuta yake mezani.

"Mimi," akadakia mwenyekiti wa kamati, mama mtu mzima aliyezoea kuamulia ugomvi. "Tunajadili utaratibu wa rufaa, na aliyeutafiti ni yeye. Tumsikilize."

Daktari alimwamkia Mkurugenzi, shikamoo ya mdomoni tu. Mkurugenzi akaitikia, kisha akamtazama kwa muda.

"Umekonda."

"Tuanze kikao," Daktari akajibu.

Wajumbe wakajifanya wanakoroga chai.

Utaratibu wenyewe ulikuwa mfupi: hospitali kuu haimpokei mgonjwa asiye na barua kutoka zahanati. Mkurugenzi ndiye aliyeupitisha, baada ya kuchoka kuona jamaa za wakubwa wakiingizwa mlango wa nyuma huku wanyonge wakisinzia kwenye mabenchi. Watu walimpigia makofi. Hata Daktari, wakati huo bado anasomea udaktari, alipiga.

Kisha mama yake Daktari akabanwa na kifua akiwa sokoni. Jirani akampakia kwenye teksi, wakakimbilia hospitali kuu. Mlinzi akadai barua. Teksi ikageuzwa kuelekea zahanati, na mama akakata roho kwenye kiti cha nyuma. Daktari alikuwa ghorofani, ndani ya hospitali hiyo hiyo, anamshona jeraha mtu asiyemjua. Hakuna aliyekwenda kumwita.

Wengine hulia wakanyamaza. Yeye alikasirika, na hasira haikumtoka tena. Aliacha upasuaji akaingia kwenye utafiti wa huduma za afya. Wenzake wakambandika jina la Daktari wa Getini, kwa kuwa huko ndiko alikoshinda. Yeye na wasaidizi wake walisimama kwenye mageti ya hospitali hiyo na nyingine zilizouiga utaratibu huo, wakawafuata waliorudishwa mpaka majumbani, wakabisha hodi, wakauliza: yule mgonjwa anaendeleaje? Mara nyingi aliyewafungulia mlango alianza kulia kabla hawajamaliza swali.

"Palipo na mlinzi mkali," alisema sasa, "wenye shambulio la moyo na kiharusi wanakufa karibu mara mbili ya palipo na mlinzi anayefumba macho. Nimeangalia umri, nimeangalia umbali, nimeangalia na maradhi mengine. Jibu halibadiliki. Sisemi tuufute utaratibu. Nasema mgonjwa wa dharura apite, barua itafuata."

"Na kila mwenye shemeji mkubwa atageuka kuwa wa dharura," Mkurugenzi alisema.

"Kutakuwa na muuguzi getini wa kumpima!"

"Leo moyo, kesho mafua. Nawajua watu mimi."

Daktari akaipiga meza kwa kiganja. Chai ya mjumbe mmoja ikamwagikia suruali, na mwenyewe hakuthubutu kuifuta.

"Siku ile mlinzi alikupigia simu," Daktari alisema. "Alikuambia ni nani yuko kwenye teksi?"

"Mzee, si lazima ujibu," mwenyekiti akawahi.

"Aliniambia." Mkurugenzi hakuinamisha macho. "Nikasema utaratibu ufuatwe. Ningemfungulia yeye, wale wa mabenchini ningewatazama kwa macho gani?"

"Alikuwa anakufa!"

"Sikujua kama anakufa."

Alilisema hilo kwa sauti ndogo, na kwa kitambo kidogo alionekana mzee kuliko umri wake. Halafu akakaza tai, akakohoa, na sauti yake ikarudi ngumu kama mwanzo.

"Mwenyekiti, tatizo ndilo hili. Utafiti huu umeanzia kwenye kaburi la mtu mmoja. Huyu hakuja hapa kama mtafiti, amekuja kama mfiwa. Na mfiwa hawezi kuliamua jambo hili kwa haki, hata awe msomi wa namna gani. Naomba atoke nje, tupige kura."

Mwenyekiti alimtazama Mkurugenzi, akamtazama Daktari, kisha akaangalia dari. Vijiko vilikuwa vimetulia vikombeni.

Daktari alifunga kompyuta yake. Akasimama, akakirudisha taratibu kiti chini ya meza. Maneno yalipotoka yalitoka polepole.

"Sawa, wafiwa watoke," alisema. "Haya, inuka na wewe, Baba. Yule alikuwa mkeo."