Suruali Bila Mkanda

Mkutano wa injili ulipokwisha, Asegelile alirudi nyumbani ameshikilia suruali kwa mkono wa kulia isimdondoke. Wenzake walikuwa wamechoma hirizi na chupa za gongo mbele ya mchungaji. Yeye alivua mkanda wake, akautupa motoni mwenyewe.

"Nimeshinda, Mama Tusekile," alisema, machozi yakimlengalenga. "Dhambi haina nguvu tena kwangu. Yesu ameniweka huru. Hutachapwa tena."

Atupele, mkewe, aligeukia jiko. Mgongo wake uliujua mkanda ule kuliko macho yake. Alitenga chakula, na binti yao mdogo, Tusekile, akaleta maji ya kunawa. Beseni likamponyoka, maji yote yakamwagikia miguu ya baba.

Mkono ukaiachia suruali, ukapaa juu.

Suruali ikaanguka. Asegelile akabaki amesimama, nguo imemzonga vifundoni, akiutazama mkono wake uliokuwa hewani kama vile ni wa mtu mwingine. Tusekile alikuwa ameshaingia uvunguni mwa kitanda.

"Ee Bwana, nisaidie," Asegelile alinong'ona. Akainama taratibu, akaipandisha suruali, akaishikilia kwa mkono uleule. "Mke wangu, nitafutie kamba unifunge."

Kamba ya katani ilining'inia ukutani. Atupele akaitungua, akapiga hatua moja, kisha akasita. Aliutazama ule mkono ulioshika suruali, akawaza kwamba akishaifunga, mkono utakuwa huru.

"Fanya hima, mama," Asegelile alisema. "Mkono unachoka."