Gari la Mtu Mmoja

Mbuzi watatu wa ntheo, wale wa posa ya Kikamba, walipandishwa kwenye Probox ya Kiilu, maana gari la Mulinge halikuwa na nafasi hata ya kuku. Lilikuwa gari la mbio, jekundu, tumbo karibu liguse ardhi, na lilikuwa na kiti kimoja.

Kiti cha pili alikuwa ameking'oa mwenyewe. Kabla ya hapo alikuwa ameng'oa redio, kapeti, jeki na tairi la spea. Sultan Hamud nzima iliijua dini yake: gari la mbio lisiwe na makorokoro, liwe jepesi, na lisiwe la kila mtu. Alihubiri kuliko pasta, na mpaka leo muumini alikuwa mmoja.

Hata usukani ulikuwa wa kuchomoka. Akiegesha tu, anauchomoa na kutembea nao kwapani, wezi wasije wakajisahau.

"Sasa mimi nitakaa wapi?" Kanini aliuliza siku ile kiti kilipotoka.

"Mpenzi, wewe ni kilo sitini. Unajua kilo sitini ni nini kwa mlima?"

"Sijui."

"Basi Kiilu atakubeba."

Na kwa miezi minane Kiilu, binamu ya Mulinge, akambeba. Alimbeba kanisani, akambeba soko la Mbumbuni, akambeba hadi kwao Mbooni kumwona mamake, pamoja na magunia ya maharagwe na akina mama wanaotapika kwenye kona. Mulinge hakuwahi kufika huko. Gari lake halikupenda mawe. Alimhurumia binamu yake, maskini, kuendesha kitu ambacho kila mtu anapanda.

Lakini leo hakukuwa na mzaha. Alimpenda Kanini kweli, na kwa Wakamba bila ntheo huna mke, hata muishi pamoja miaka thelathini.

Mbuzi walitoka zizini kwa Mzee Kilonzo, babake Kiilu. Babake Mulinge alikuwa amefariki zamani, kwa hivyo mzee ndiye angesema ukweni. Alikuja amevaa koti lake la kanisa, akalizunguka gari jekundu mara moja.

"Mimi naketi wapi?"

"Mzee, wewe pia ni mzigo. Nenda na mbuzi."

Mzee Kilonzo alimtazama, kisha akawatazama mbuzi. Akapanda Probox.

"Sikiza," akasema kupitia dirishani. "Saa sita kamili Kanini atasimamishwa mbele ya watu, aulizwe kama mbuzi wapokewe. Mwanaume awe hapo. Ukweni hawangojei mtu."

"Saa sita nitakuwa nimeshafika, nimeoga, nimelala."

Na kwenye lami alikuwa sahihi. Aliwaacha kwenye vumbi, akatabasamu peke yake, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kutabasamu naye. Kisha lami ikaisha. Kwenye kona ya tatu ya mlima, jiwe lilipasua tairi la mbele. Kwa mazoea akafungua buti. Ilikuwa safi, nyepesi, bila makorokoro yoyote.

Baada ya nusu saa Probox ikatokea ikiguna, pembe za mbuzi zikichungulia nyuma. Kiilu akasimama.

"Panda, ndugu. Tutajibana."

Mulinge akachungulia. Mzee mbele, shangazi wawili na gunia la sukari katikati, mbuzi nyuma.

"Nifike kwa wakwe nikinuka beberu?"

"Saa tano na nusu hii, Mulinge."

"Nendeni. Shusha mbuzi, usinisubiri. Wanangoja mbuzi, si mimi."

"Nisikusubiri?"

"Usinisubiri!"

Kiilu akamgeukia babake. Mzee Kilonzo akaweka kofia yake vizuri. Probox ikaendelea kupanda.

Fundi wa pancha alikuja kwa miguu, bila haraka, akapiga magoti na kuomba jeki. Mulinge akamwambia iko nyumbani. Fundi akainuka, akajipangusa magoti, akamtakia siku njema. Saa sita na robo Mulinge alisalimu amri, akachomoa usukani wake na kusimamisha boda boda, ambayo tayari ilikuwa imebeba mama mmoja na kreti ya soda. Alibanwa katikati. Hakuuliza kilo za mtu.

Alifika saa saba kasoro. Kabla hajashuka alisikia vigelegele, na machozi yakamlengalenga. Walikuwa wamepokea mbuzi! Alijipangusa vumbi, akanyoosha tai, akaingia langoni akiwa na tabasamu pana na usukani kwapani.

Mama mmoja mnene mwenye leso mpya alimlaki. Alikuwa Mutindi, shangazi wa Kanini. Alimtazama kichwa hadi miguu, macho yakatua kwenye usukani, uso ukamlainika.

"Ooh, pole na jua, mwanangu! Wewe ndiye dereva wa ile gari ndogo imeharibika huko chini? Mzee Kilonzo ametuambia." Akamtilia sahani mkononi. "Madereva wanakula hapo nyuma ya jikoni. Ukishiba, uje usalimie Kiilu na bibi yake."