Wa Kwenye Kiti Kidogo

Mtoto alifumba mdomo, akamtazama mtaalamu wa matamshi, akatikisa kichwa. Hiyo ilikuwa Alhamisi ya sita.

"Haya, tena," mtaalamu alisema. "Toa pumzi kwanza. Neno lije nyuma yake polepole, kama unavyomlaza mtoto mchanga bila kumwamsha. Maaa-ji."

Mtoto akatikisa kichwa tena. Kwenye benchi la ukutani baba yake aliukodolea macho mdomo wa mtaalamu. Alikuwa mtu wa machimbo ya kokoto, vumbi jeupe mpaka kwenye nyusi, kofia mapajani. Naye tangu siku ya kwanza hakuwa amesema neno. Salamu kwa kichwa, kwaheri kwa kichwa. Mtaalamu alishawazoea wanaume wa namna hiyo. Wanakuletea mtoto kama wanavyompelekea fundi baiskeli, kisha wanakaa kungoja.

Chumba kilikuwa stoo ya zahanati. Meza moja, benchi moja, kiti kidogo cha mgonjwa, na picha za kikombe, maji na mbuzi. Wanakijiji walimwita Mwalimu wa Midomo. Zamani jina hilo lilimchekesha. Siku hizi hakuna kilichomchekesha wala kumliza. Moyo ulikuwa umekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa, na hakujua tangu lini. Vijiji kumi na viwili, mtaalamu mmoja. Alifanya kazi, akajaza daftari, akaenda zake.

Daftarini kulikuwa na mstari mmoja: "Msichana, miaka sita. Hasemi." Aliuandika siku ya kwanza, baba alipompa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Mke wangu amefariki," karatasi ilisema. "Dada yake anataka kumchukua mtoto akaishi naye mjini. Anasema nyumba yetu haina msemaji, mtoto ataharibika. Baada ya miezi miwili kuna kikao cha familia. Kasema akitokea mtu wa nyumba hii akamwambia kwa mdomo wake kwa nini mtoto abaki, yeye ataondoka peke yake. Maneno yananasa mwanzoni. Tusaidie."

Mtaalamu alisoma, akavuta kiti kidogo, akamkalisha mtoto.

Mlango ulifunguka. Mhudumu wa zahanati, mama mmoja mnene asiyejua kunong'ona, alichungulia. "Chiriku wetu anaendeleaje?"

"Usimwite hivyo, mama," mtaalamu alisema. "Si vizuri kumtania mtoto mwenye shida."

Mhudumu akamtazama baba. Baba akatazama sakafu.

"Haya, mwanangu, nimekoma," mhudumu alisema. "Kitendawili ni chako, utakitegua mwenyewe."

Alhamisi ya saba baba alileta karatasi nyingine. Aliomba zoezi la kusema mbele ya watu. Mtaalamu alimwita mhudumu na wagonjwa wawili kutoka kwenye foleni, akawapanga kama wazee wa kikao. Mtoto aliwatazama mmoja mmoja, akapiga mwayo. Baba, jasho lilimtiririka mpaka likalowesha kola.

"Baba, usiogope," mtaalamu alimwambia. "Ukiogopa wewe, na yeye ataogopa." Hakusema kwa huruma. Ndivyo alivyowaambia wazazi wote.

"Nyumbani mnafanya mazoezi?"

Baba akakubali kwa kichwa.

"Kila siku?"

Kichwa tena.

"Nani anamsimamia mwenzake?"

Baba akamwonyesha mtoto kwa kidole. Mtaalamu akaona mtu huyu hakuelewa swali. Hakuuliza tena.

Alhamisi ya nane alimwambia ukweli. "Sitaki kukudanganya. Hajatoa hata sauti. Kwenye kikao hatasema." Alisema kama mtu anayesoma kipimajoto. Baba alivaa kofia, akaacha mezani karatasi ya kumkaribisha kikaoni. Mlangoni mtoto aligeuka akamtazama, kama vile anayestahili kuonewa huruma ni yeye mtaalamu.

Kikao kilikuwa Jumamosi, sebuleni, viti vingine vya kuazima. Mama mkubwa wa mtoto alikuja na mkoba mtupu wa nguo, akauweka wazi miguuni pake.

"Mimi sina ubaya na mtu," alisema. "Lakini siku za msiba nililala hapa wiki nzima. Sikusemeshwa na baba, sikusemeshwa na mtoto. Nikabaki naongea na sufuria. Mtoto wa marehemu mdogo wangu akulie humu? Mwalimu, wewe umekaa naye miezi miwili. Anasema au hasemi?"

Wajomba wawili walitazamana.

"Hasemi," mtaalamu alisema. Alisubiri neno hilo limuume. Halikumuuma.

"Mmesikia. Nani atanikusanyia nguo zake?"

Hakuna aliyeinuka, isipokuwa baba. Alisimama katikati ya chumba, kofia mkononi. Mdomo ulifunguka, mishipa ya shingo ikasimama. Ikatoka sauti moja nyembamba, ikakatika. Akaanza upya. Ikakatika.

Mama mkubwa akaushika mkoba. "Shemeji, kaa chini, unajitesa bure. Hata hilo neno moja..."

"Mama mkubwa, usimkatize," mtoto alisema, kwa sauti kavu, haraka haraka, ya mtu aliyezoea kugombeza. "Anayefundishwa ni yeye. Mimi nilikuwa namsindikiza tu."