Chupa ya Watoto Kumi

Mwezi uliopita Nesi Eliwaza alimrudisha Nyamizi, aliyekuwa ametembea tangu alfajiri na mwanawe kwenye mbeleko. Chupa moja ya chanjo ya surua hutosha watoto kumi. Ikishafunguliwa, inayosalia humwagwa siku hiyohiyo. “Uko peke yako, mama. Rudi wakitimia.”

Leo Nyamizi alirudi na akina mama wa kijijini kwao. Eliwaza akawahesabu watoto: kumi kamili. Kisha akaiona mbeleko, imekunjwa begani kwa Nyamizi.

“Na wako?”

“Surua haikungoja watimie, nesi. Fungua chupa.”

Eliwaza akang'oa kifuniko cha chupa. Nyamizi alikuwa ameshaitandika ile mbeleko kwenye benchi la saruji, mtoto wa kwanza alazwe.